Uso Uangalie Juu

Mzee Ambindwile alikata roho Jumanne alfajiri, nyumbani kwake Kyimo, wilayani Rungwe. Kufika saa nne asubuhi mjane wake Veronika alikuwa amemaliza kilio cha kwanza na ameanza kupanga shughuli. Alimwita mwanawe mkubwa, Anyitike, akamketisha jikoni kwenye kigoda, mahali ambapo upepo wa Machi ulikuwa umeng'oa bati na kuacha uwazi mkubwa. Uwazi ule ulikuwa umefunikwa kwa majani ya mgomba, na majani yalikuwa yakidondosha maji ndani ya sufuria tatu.

"Wewe ndiye mwenye kazi ya mabango," Veronika alisema. "Sitaki fulana. Sitaki maua ya dukani. Nataka bango la baba yako. La fleksi. Mita tatu kwa nne."

"Tatu kwa nne, mama? Hilo la mgombea ubunge."

"Pima mwenyewe." Alinyanyua mwiko akaonyesha juu. "Toka pale mpaka pale. Nimepima kwa khanga."

Anyitike alitazama juu, tone likamwingia jichoni. Ndipo alipoelewa kwamba mama yake hakuwa anazungumzia msiba peke yake.

Kila mtu Kyimo alijua kazi ya pili ya bango. Siku ya kuzika linamtambulisha marehemu. Likishateremshwa linakwenda mahali panapovuja. Jirani yao Obed alikuwa akipikia chini ya uso wa marehemu mkewe mwaka wa pili sasa, na hakuna tone lililomgusa. Wengine walianikia maharage juu ya bibi harusi. Kulikuwa na mgombea udiwani mmoja aliyeshindwa vibaya kwenye kura, lakini mpaka leo analinda kuni za kanisa zisilowe.

Anyitike alikuwa akiyajua hayo tangu zamani. Ila mwezi wa tatu alikwenda Mbeya kwenye semina ya siku tatu, akatoka huko na cheti, mfuko wa turubai wenye maandishi na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Mkufunzi kutoka Dar es Salaam alisema mabango ya plastiki hutupwa siku ya tatu yakaziba mifereji. Watu arobaini waliandika. Anyitike aliandika na kupigia mstari, akasahau kabisa kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona mtu wa Rungwe akitupa kitu kisichopitisha maji.

"Mama," alisema, "mimi fleksi nimeacha."

"Umeacha kama pombe?"

"Ni plastiki. Haiozi."

Veronika alimtazama mwanawe mwenye miaka arobaini na tisa, mvi kidevuni, kitambulisho kifuani hata siku ya kufiwa.

"Ndiyo ninayoitaka," alisema. "Hiyo isiyooza."

*

Duka la Anyitike lilikuwa mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, moja nzima. Zamani mlangoni paliandikwa "Fundi Mabango". Baada ya semina alipaka rangi juu yake akaandika "Kiongozi Mbunifu". Aliyekuwa akiongozwa ni Nusrat peke yake, mwanamke wa miaka thelathini aliyesomea kompyuta Mbeya na ndiye aliyefanya kazi zote. Uongozi wa Anyitike ulikuwa wa kusimama nyuma ya kiti chake na kusema, "Sogeza kidogo kushoto." Nusrat akisogeza, kiongozi alifikiri, akakuna kidevu, akasema, "Rudisha ulipotoa."

Siku hiyo Nusrat alikuwa ameshafungua picha ya mzee, imejaa kioo kizima.

"Bosi, pole sana. Nimeisafisha. Naituma kwa Haruni sasa hivi, mashine yake ya kuchapa haina foleni."

"Usitume. Hili nitalifanya la kitambaa. Sisi siyo watu wa fleksi tena."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Wiki iliyopita tumefanya la harusi."

"Hilo lilikuwa la mpito."

Nusrat akarudi kwenye kibodi kama mtu aliyezoea. Mlango ukafunguliwa, Felista, mke wa Anyitike, akaingia na chupa ya chai. Alipoona kioo cha kompyuta aligeuka haraka akatazama ukuta.

"Funikeni hiyo!"

Miaka ishirini na mitatu ya ndoa Felista hakuwahi kutazamana na baba mkwe wake. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Akikutana naye njiani aliingia migombani mpaka apite. Chakula chake alikituma kwa watoto. Alikuwa mwanamke wa mjini, alishona nguo za kisasa na alituma pesa kwa simu, lakini kwa hilo hakuwa na mzaha.

"Mke wangu, mzee ameshafariki," Anyitike alisema.

"Kufa kwake kumeniachisha kuwa mkwe wake?"

Nusrat alifunika kioo kwa ushungi wa akiba. Felista ndipo akageuka, akamimina chai, akauliza bila kuzunguka, "Mama anasema umemnyima bango. Kwa nini?"

Hapo Anyitike alilazimika kusema. Shirika lile la semina lilikuwa linatafuta Mratibu wa Ubunifu Endelevu. Ofisi Mbeya, meza, mshahara wa kila mwezi. Kati ya watu arobaini walikuwa wamebaki wawili, yeye na jamaa wa Njombe. Ijumaa angekuja mkaguzi aitwaye Beatrice kuona bango lisilo na plastiki likiwa kazini.

"Ijumaa tunazika," Felista alisema.

"Ndiyo. Nimemwambia aje Kyimo."

Felista aliweka chupa ya chai mezani.

"Umemwalika mkaguzi kwenye maziko ya baba yako?"

"Sikuandika kuwa ni maziko. Nimeandika kuwa ni shughuli yenye watu wengi."

Aliposikia maneno yake mwenyewe aliona aibu, lakini ilikuwa aibu ndogo, ya kuvumilika. Aliacha shule kidato cha pili. Maisha yake yote aliitwa fundi: fundi njoo, fundi umechelewa, fundi hapa umeandika vibaya. Mara moja tu, kabla hajafika hamsini, alitaka mtu amwite mratibu. Kwa ajili hiyo alikuwa amejaza fomu ya kurasa sita, na kwenye swali la tisa, lililouliza kama ofisi yake imetengeneza mabango ya plastiki ndani ya miezi kumi na miwili, alikuwa ameweka alama kwenye "Hapana". Kwa kalamu ya kijani.

*

Alilichora kwa siku mbili nyuma ya nyumba, juu ya kitambaa cha marekani alichokishona Felista akiwa amenuna. Mkaa kwa nywele na macho, udongo mwekundu kwa ngozi, utomvu wa mgomba kwa mistari, kwa sababu kila mama wa Rungwe anajua utomvu ukigusa nguo umehamia humo. Miaka mingi alikuwa hajashika brashi. Siku ya kwanza mzee alifanana na mchungaji fulani. Siku ya pili, kuelekea saa kumi, Anyitike aliongeza mkunjo mmoja chini ya jicho la kushoto, na baba yake akamtazama.

Alikaa chini palepale kwenye majani. Kwa dakika chache hakufikiria Mbeya wala meza. Kisha akafikiria, akanyanyuka, akaandika pembeni kwa herufi nzuri: "Bango hili linaoza."

*

Ijumaa watu walijaa uwanjani kwa Mzee Ambindwile mpaka migombani. Bango la kitambaa lilitundikwa kati ya nguzo mbili, upande wa wanaume, ili Felista na wakwe wengine wasikutane nalo. Watu walilisifu. Obed alivua kofia mbele yake. "Ni yeye kabisa," alisema. "Hata ule ubishi umeuweka."

Anyitike aliitikia pole kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto alichungulia simu. Beatrice alisema angefika saa nne. Saa tano aliandika kwamba gari limenasa kwenye tope. Saa sita mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kuuliza. Maturubai ya kukodi yalitosha wazee na kwaya. Upande wa mapishi, Hellen, mama mnene aliyekuwa msimamizi wa masufuria katika kila msiba wa kata ile, alisimama akaweka mikono mdomoni.

"Leteni mabango!"

Watu wakatawanyika majumbani, na baada ya muda mfupi mabango yakaanza kuja, yamekunjwa mabegani kama mikeka. Yakafunguliwa juu ya maharage, juu ya kuni, juu ya vichwa vya akina mama. Bibi harusi wa mwaka juzi alitandazwa juu ya mchele. Jubilei ya kwaya ilishikwa na watu wanne. Mgombea udiwani alifika akiwa na matundu mawili usoni na akapewa kazi ya kuzuia upepo. Anyitike aliyatazama yakipita moja baada ya jingine. Yote yalikuwa na maandishi pembeni chini: "Anyitike Arts, Tukuyu", na namba yake ya simu. Kazi ya miaka kumi na tano ilikuwa imekuja msibani kumpa pole, na ilikuwa imevaa vizuri kuliko mwenyewe.

"Fundi!" Hellen alimwita. "Na hilo la marehemu lishushe. Sufuria ya nyama inaingia maji."

"Hilo linapitisha maji, mama."

"Bango gani linapitisha maji?"

"Ni la kitambaa."

"Kwa nini?"

"Ili lioze."

Akina mama waliokuwa wakimenya ndizi waliacha kumenya. Hellen alipangusa uso kwa kiganja.

"Mtu anakaa chini anatengeneza kitu ili kioze?"

"Ni kwa ajili ya mazingira."

"Mazingira yapi? Haya?" Alionyesha mvua, tope, nyama. Hakuna aliyecheka kwa sauti, maana ulikuwa msiba, lakini mabega kadhaa yalitikisika chini ya jubilei ya kwaya.

Rangi haikutoka, utomvu ulitimiza ahadi yake. Lakini marekani ililowa ikawa nzito, ikaanza kunyooka kwenda chini. Kidevu cha mzee kilirefuka taratibu wakati mchungaji akisoma neno. Kufika sala ya mwisho marehemu alikuwa na uso wa farasi, na Anyitike aliinamisha kichwa chini zaidi ya wafiwa wote.

Walipobeba jeneza kwenda kaburini, Veronika alisimama mbele ya bango. Maji yalimtiririka kwenye khanga.

"Ulisema linaoza?"

"Ndiyo, mama."

"Baada ya muda gani?"

"Ardhini, miezi sita."

Akalitazama kwa muda. Anyitike alijiandaa kwa maneno makali, na hayakuja.

"Lishushe," alisema mama yake. "Umfunike. Kinachooza kiende na anayeoza. Hapa juu nataka kisichooza."

Angeweza kukataa. Kwa kitambo kidogo, na baadaye hilo lilimsumbua kuliko mengine yote, alikuwa karibu kusema wasubiri kidogo kuna mgeni yuko njiani. Akafungua kamba. Yeye na Obed walikamua marekani kama shuka, wakaitandaza juu ya jeneza, uso chini, baba akitazamana na baba. Kisha Anyitike akachukua koleo. Mtu mwingine Rungwe aliyezika maombi yake ya kazi kwa mikono yake mwenyewe hajasikika.

Na alipotupa koleo la tatu la udongo ndipo alipolia kwelikweli, kilio cha kukatika pumzi, na simu ilipotetemeka mfukoni hakuitazama.

*

Beatrice alifika saa tisa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la mvua, miguu imejaa tope mpaka magotini, na faili lake amelifunga ndani ya mfuko wa nailoni.

"Pole sana, ndugu Anyitike. Nimeelezwa hapo barabarani kwamba marehemu ni mzee wako. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipitiwa."

"Sitakaa. Nionyeshe tu kazi, nipige picha, nikuache na wafiwa."

"Kazi imezikwa."

"Samahani?"

"Iko kaburini. Na marehemu."

Beatrice alilitazama kaburi, akamtazama yeye, akaona hatanii. Mvua ikaongeza. Hellen, asiyejua mgeni ni nani ila aliona mgeni analowa, alimvuta mkono akamwingiza chini ya mabango ya mapishi, akampa sahani ya ndizi na nyama. Beatrice alikula amesimama. Pembeni yake, likiwa limefungwa kama ukuta wa kuzuia upepo, lilikuwa bango la harusi ya wiki iliyopita, tarehe ikisomeka. Alisoma tarehe. Akainama, akasoma chini yake. Akageuka akasoma jubilei ya kwaya. Akasoma mgombea.

"Anyitike Arts," alisema. "Ni wewe?"

"Anyitike ni wengi sana huku," alijibu. Na ilikuwa kweli. Hapo uwanjani tu walikuwepo watatu.

Beatrice hakubisha. Aliweka sahani chini, akatoa simu, akabonyeza namba iliyo kwenye bango tarakimu moja moja. Mfuko wa suruali ya Anyitike ukaanza kuimba pambio.

"Fundi, simu yako inaita!" Hellen alimsaidia kwa sauti ya kufika barabarani.

Kwa kuchanganyikiwa alipokea. "Haloo?"

"Haloo," alisema Beatrice, hatua mbili kutoka kwake, simu sikioni. "Naulizia swali la tisa."

Akina mama waligeuza vichwa. Anyitike aliteremsha simu.

"Nilidanganya," alisema.

"Basi nafasi itakwenda Njombe. Siwezi kufanya vinginevyo." Beatrice hakusema kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliinua macho juu, kwenye nyuso zile zote zilizotandazwa juu ya moto na chakula. "Ungeandika ukweli tungezungumza mengi leo. Nani aliyewafundisha kuyatumia hivi?"

Hellen alikuwa akipakua wali. "Mvua," alijibu.

Beatrice alitoa kalamu akaandika neno hilo, akafunga faili ndani ya nailoni yake, akaaga wafiwa mmoja mmoja kwa heshima, akaondoka.

*

Jumamosi asubuhi mvua ilipumzika. Felista alitoka chumbani na furushi refu, akalilaza miguuni kwa mume wake. Lilikuwa limekunjwa uso ndani.

"Tatu kwa nne," alisema. "Nusrat aliituma kwa Haruni palepale Jumanne, ulipotoka kwenda kununua marekani. Nimelipa mimi. Sijaitazama."

Nusrat, aliyekuja na akina mama wa mjini kuhani, alianza kukagua kucha zake.

"Mlijua kwamba nitashindwa?" Anyitike aliuliza.

"Tulijua kwamba mvua itanyesha," Felista alisema.

Anyitike alipanda juu ya jiko kwa ngazi ya mianzi, nyundo kiunoni, mdomo umejaa misumari na vizibo vya soda vya kuzuia misumari isichane. Aliondoa majani ya mgomba yaliyooza, akakunjua bango juu ya pao za paa. Huko juu, mbali na watu, wazo likamjia, na aliliona zuri: aliligeuza uso chini, ili mama yake akipika amwone mzee. Akapigilia msumari wa kwanza kwa fahari.

"Unafanya nini?" Veronika aliita kutoka ndani.

"Ni ubunifu, mama! Ukiwa unapika unamwona baba!"

"Nimemwona miaka hamsini. Geuza. Uso uangalie juu. Mkeo ataingiaje jikoni kwangu?"

Anyitike alibaki amechuchumaa juu ya pao na nyundo hewani. Semina, cheti, kurasa sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali zuri namna hiyo kuhusu kazi yake. Akang'oa msumari. Akageuza. Mzee Ambindwile akatazama mawingu ya Rungwe kwa ule ubishi wake, kidevu kikiwa cha kawaida, na pembeni chini jina la duka na namba ya simu, kwa ndege watakaohitaji huduma.

Alipopigilia upande wa tatu alimsikia mke wake ndani ya jiko, akisogeza sufuria tatu kutoka sakafuni na kuuliza chumvi iko wapi.

"Kuna panapovuja?" Anyitike aliuliza.

"Pembeni hapa bado panaonyesha mwanga," alijibu Nusrat kutoka chini ya ngazi, mikono nyuma, shingo imeinuliwa. "Sogeza kidogo kushoto, bosi."

Akasogeza.

Nusrat alifikiri. Akakuna kidevu.

"Rudisha ulipotoa."